Nimezima faiawoli, bado binamu haingii kwenye seva yangu ya Minecraft

"Shikamoo mtaalamu. Niko Tanga, nina kompyuta ya Windows 11 na intaneti ya faiba. Nimeweka seva ya Minecraft ya Java kwenye kompyuta yangu ili nicheze na mdogo wangu hapa nyumbani na binamu yetu aliye Mombasa. Mimi nikiandika localhost naingia bila shida. Mdogo wangu kwenye laptopu yake alikuwa anaandikiwa 'Connection timed out', na binamu vilevile. Nikaambiwa ni faiawoli, nikaizima yote. Sasa mdogo wangu anaingia, lakini binamu bado. Poti 25565 nimeifungua kwenye ruta. Kitu gani kingine kinazuia?"

Marahaba. Kabla hujaendelea kusoma, rudi kwenye kompyuta uiwashe hiyo faiawoli, yaani mlinzi wa Windows anayeamua muunganisho upi uingie. Nitakungoja.

Sikulaumu kwa kuizima. Kuzima kwa dakika mbili ili kupima ni jambo ambalo hata mafundi hufanya, na limetupa jibu zuri. Shida ni kuizima halafu ukaisahau, tena kwenye mashine ambayo umeshafungulia njia kutoka nje. Desemba 2021 lilitangazwa tundu kwenye Log4j, maktaba ya Java inayotumiwa na programu nyingi, Minecraft ikiwemo. Mtu alikuwa akiandika mstari mmoja tu kwenye soga ya mchezo, seva inatii amri zake. Toleo la 1.18.1 lilitolewa tarehe 10 Desemba mwaka huo kuziba tundu hilo. Kwa hiyo seva ya mchezo ni programu kama nyingine: huwa na matundu, na mlinzi wa getini hafukuzwi kwa sababu amemkatalia mgeni mmoja. Anaelezwa mgeni huyo ni nani.

Sasa tusome majibu uliyoyapata. Faiawoli ilipozimwa mdogo wako aliingia, kwa hiyo kizuizi chake kilikuwa ndani ya kompyuta yako. Binamu hakuingia, kwa hiyo yeye ana kizuizi cha pili, kilicho nje ya kompyuta. Una matatizo mawili yaliyovaa ujumbe mmoja wa kosa, na ndiyo maana umezunguka. Ukitatua la kwanza unaona hakuna kilichobadilika kwa binamu, unadhani hukulitatua, unarudi kulivuruga tena.

Ujumbe wenyewe pia una la kusema. "Connection refused" maana yake pakiti, yaani kifurushi cha data, imefika mahali na imejibiwa kwamba hapa hakuna mtu. "Timed out" maana yake pakiti imekwenda na kimya kimetawala. Faiawoli kwa kawaida hainenani na anayemzuia, humwacha akisubiri mpaka achoke. Windows inakwenda mbali zaidi: faiawoli yake ikiwa imewashwa, hata poti (mlango wenye namba ambao programu husubiria wageni) isiyo na programu nyuma yake hukaa kimya badala ya kukataa. Kwa hiyo ukiona "timed out", hakikisha kwanza seva yenyewe imewaka. Usicheke, nimewahi kukaa saa nzima kwenye simu na mteja aliyekuwa amefunga dirisha jeusi la seva kwa sababu lilikuwa "linajaza skrini". Na ukiona "Outdated client" au "Outdated server", acha kabisa kuisingizia faiawoli. Mmeshaunganishwa, matoleo ya mchezo ndiyo hayalingani.

Tuanze na kizuizi cha ndani. Siku ya kwanza ulipowasha seva, Windows ilileta dirisha ikiuliza kama iruhusu Java kupokea miunganisho. Nina hakika kwa kiasi kikubwa kwamba ulibofya Cancel, au ulilifunga tu ili uendelee na mambo yako. Wengi wetu tunadhani kufunga dirisha lile ni kusema "baadaye". Sivyo. Windows huandika kanuni mbili za kuzuia, moja ya TCP na moja ya UDP (namna mbili za kusafirisha data), kwa jina la programu ile, na haiulizi tena. Na kwenye faiawoli ya Windows kanuni ya kuzuia humshinda mwenzake wa kuruhusu. Unaweza kufungua poti 25565 mara kumi. Maadamu ile kanuni ya kuzuia Java ipo, hakuna anayepita. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kuzima kila kitu.

Bofya kitufe cha Windows pamoja na R, andika wf.msc, bonyeza Enter. Upande wa kushoto chagua Inbound Rules. Orodha ni ndefu, lakini unachotafuta kinaonekana kwa macho: alama nyekundu badala ya tiki ya kijani. Jina huwa "OpenJDK Platform binary" au "Java(TM) Platform SE binary", kutegemea Java uliyonayo. Zitakuwa mbili pamoja, na kama umewahi kuwa na Java za matoleo tofauti zinaweza kuwa nne au sita. Bofya mara mbili kila moja, tazama njia ya faili ili uhakikishe ni java.exe au javaw.exe kweli, kisha ifute. Nyekundu nyingine ambazo huzielewi ziache zilivyo.

Baada ya hapo weka kanuni yako ya kuruhusu. Fungua PowerShell kwa haki za msimamizi, uandike hivi kwenye mstari mmoja:

New-NetFirewallRule -DisplayName "Seva ya Minecraft" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 25565 -Action Allow -Profile Private

Nimechagua kuruhusu poti badala ya kuruhusu programu, na nina sababu. Kanuni ya programu hufungwa kwenye njia ya faili. Toleo la 1.20.5 la Minecraft, kwa mfano, lilianza kutaka Java 21. Siku ukihamia Java mpya, folda inabadilika jina, kanuni inabaki inaelekeza kwenye faili lisilotumika, na unarudi ulikoanzia. Kanuni ya poti haijali Java gani imewaka. Mahali ambapo kanuni ya programu ni bora ni pale unapofungua dunia yako kwa "Open to LAN" bila kuwa na seva ya pembeni, kwa sababu hapo mchezo kwa kawaida huchagua poti yoyote, kila mara nyingine.

Neno la mwisho la amri ile, Private, nalo lina kazi. Windows hugawa mitandao kwa wasifu, na mtandao mpya mara nyingi huupa wasifu wa Public, yaani mahali usipowajua majirani. Kanuni yako haitafanya kazi mpaka mtandao wa nyumbani uwe Private. Nenda Settings, Network & internet, bofya mtandao unaoutumia, utaona Network profile type; chagua Private. Faida yake utaiona siku ukibeba laptopu kwenda mgahawani au hosteli: kule mtandao utakuwa Public na kanuni yako italala yenyewe.

Kama una antivairasi ya kununua au ya majaribio iliyokuja na kompyuta, angalia kama ina faiawoli yake. Nyingi zinayo, na ukizima ya Windows hiyo nyingine haitikisiki. Kwa upande wako naona haipo, maana mdogo wako asingeingia.

Pima. Kwenye kompyuta yako andika netstat -ano | findstr 25565 wakati seva imewaka. Unataka kuona 0.0.0.0:25565 na neno LISTENING. Ukiona anwani maalumu pale badala ya masufuri, fungua faili la server.properties utazame mstari wa server-ip, uache mtupu. Kuna watu huweka pale anwani yao ya intaneti wakidhani ndiyo inayotakiwa, na seva inagoma hata kuwaka. Halafu kwenye laptopu ya mdogo wako fungua PowerShell uandike Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 25565, ukibadilisha hiyo anwani kwa ile ipconfig inayoionyesha kwenye kompyuta yako. TcpTestSucceeded ikiwa True huku faiawoli imewashwa, upande wa ndani umekwisha. Usiuguse tena hata binamu akilalamika vipi.

Sasa binamu. Unasema poti umeifungua kwenye ruta, na nakuamini. Swali ni kama ruta yako ndiyo geti la mwisho.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Tafuta sehemu ya hali ya mtandao, uangalie anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Iandike pembeni. Kisha kwenye kompyuta hiyohiyo tafuta "what is my ip" kwenye mtandao, ulinganishe na ile anwani ya IPv4 utakayoonyeshwa. Zikifanana, una anwani ya umma na tatizo lako ni dogo. Zisipofanana, hasa ile ya kwenye ruta ikianzia 100.64 mpaka 100.127, au ikianza na 10, basi uko nyuma ya CGNAT, yaani kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi kwenye anwani moja ya umma, na kufungua poti kwenye ruta yako ni sawa na kufungua mlango wa chumba huku geti la jengo limefungwa na ufunguo anao mwenye nyumba.

Nieleze kidogo, kwa sababu jambo hili limewachosha vijana wengi bila wao kujua wanapambana na nini. Fikiria shule ya bweni yenye S.L.P. moja. Mwanafunzi akituma barua, karani anaandika kwenye daftari nani kaandika kwa nani, na jibu likija anajua wa kumpelekea. Lakini barua ikija bila jina la mwanafunzi, na haikutanguliwa na barua ya mtu yeyote, karani ataitupa tu. Ruta ya nyumbani kwako ndivyo inavyofanya, na unapofungua poti unamwambia karani: "Barua zote zenye namba 25565 niletee mimi." CGNAT ni karani wa pili, wa kampuni ya intaneti, mwenye S.L.P. moja kwa mamia ya nyumba. Huyo hapokei simu yako. Unavinjari vizuri, unacheza kwenye seva za watu vizuri, kwa sababu wewe ndiye unayeanza kuandika. Mtu wa nje akianza yeye, barua inatupwa.

Kampuni hazifanyi hivi kwa ubaya. Anwani za IPv4 zimekwisha. Hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na AFRINIC, wagawaji wa anwani kwa Afrika, wakaingia kwenye hatua ya mwisho ya kugawa kwa kubana Januari 2020. Lile fungu la 100.64 lilitengwa Aprili 2012 kwa kazi hii hasa. Kwa laini ya simu au MiFi mimi huchukulia moja kwa moja kwamba kuna CGNAT mpaka nione vinginevyo. Kwa faiba ya nyumbani ni bahati: wengine wanayo, wengine hawana.

Ukikuta huna CGNAT, makosa yanayobaki ni machache. Kompyuta yako ilipewa anwani nyingine na ruta baada ya umeme kukatika, na ile kanuni ya ruta bado inapeleka wageni kwenye anwani ya zamani. Dawa ni kuifungia kompyuta anwani moja kwenye sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani za ndani. Au ulichagua UDP badala ya TCP, maana Minecraft ya Java hutumia TCP. Au una ruta mbili, ile ya faiba iliyofungwa na mafundi na yako uliyonunua ili Wi-Fi ifike chumbani, na umefungua poti kwenye moja tu. Na usijipime kwa kuandika anwani yako ya umma ukiwa ndani ya nyumba. Ruta nyingi hazikubali kutoka na kurudi kwa mlango uleule, utaona kosa ambalo binamu hana. Mpigie binamu, seva ikiwa imewaka, ajaribu yeye.

Ukikuta unayo CGNAT, acha kupoteza usiku kwenye ukurasa wa ruta. Piga simu kwa mtoa huduma uulize anwani ya IP ya umma. Baadhi huiuza kama nyongeza, mara nyingi kwa wateja wa biashara. Kwa mchezo wa watu watatu, kwa maoni yangu, si pesa ya kutoa.

Njia ninayoipenda ni mtandao binafsi kama Tailscale au ZeroTier. Wewe na binamu mnaweka programu, kila kompyuta inapewa anwani ya pekee, na binamu anaandika hiyo anwani kwenye Minecraft kana kwamba mko kwenye nyumba moja. Inapita CGNAT kwa sababu pande zote mbili zinaanza kuandika kutoka ndani. Usishtuke ukiona anwani ya Tailscale nayo inaanza na 100. Wametumia fungu lilelile. Angalia tu jambo moja: Windows inaweza kuupa mtandao huo mpya wasifu wa Public, na kanuni yetu ya Private itamzuia binamu. Hapo tengeneza kanuni ya pili ya poti hiyohiyo, yenye wasifu wa Public, lakini kwa kuongeza -RemoteAddress 100.64.0.0/10 ili iwahusu wa Tailscale peke yao. Na kwa kuwa uko Tanzania, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN, yaani mitandao binafsi ya namna hii, waisajili. Soma masharti yao kabla hujaweka.

Njia nyingine ni handaki kama playit.gg. Unaweka programu kwenye kompyuta ya seva tu, unapewa anwani, unampa binamu, yeye haweki kitu. Ni rahisi kuliko zote, lakini kila pakiti hupitia kwanza kwenye seva yao. Mchezo wenu wa Tanga na Mombasa, miji ambayo basi la asubuhi linaiunganisha kabla ya chakula cha mchana, unaweza kujikuta unakwenda bara jingine na kurudi kila mtu anapovunja jiwe moja. Kwa kujenga nyumba mtavumilia. Kwa kupigana mtagombana.

Halafu jiulize binamu anatumia kifaa gani. Hukunieleza. Kama ni simu, yote niliyoandika kumhusu hayatamsaidia, kwa sababu Minecraft ya simu ni toleo la Bedrock, linatumia UDP kwenye poti 19132, na haliingii moja kwa moja kwenye seva ya kawaida ya Java. Ujumbe atakaouona yeye utafanana sana na wa faiawoli.

Njia ikishafunguka, kabla hujamwita binamu fungua tena server.properties. Online-mode (inayokagua akaunti za wachezaji) ibaki true, white-list (orodha ya wanaoruhusiwa tu) iwe true, kisha kwenye dirisha la seva andika whitelist add na jina la kila mmoja wenu. Kuna mashine zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikibisha hodi kwenye poti 25565, na ukiwa na anwani ya umma usishangae kuona majina usiyoyajua kwenye logi ndani ya siku chache.

Fanya hayo ya ndani leo, kisha uangalie ile anwani ya WAN. Ukikwama, niandikie inaanza na namba zipi. Mbili za kwanza zinanitosha, zilizobaki kaa nazo.